Sura iko TV kila jioni, mfukoni mna ngapi?

Ndugu msomaji, nianze na jibu kabla ya maelezo, maana najua wengi mwasoma kwenye simu mkiwa foleni ya feri. Mwigizaji wa Kenya, isipokuwa wachache mno, hana mshahara. Ana malipo. Mshahara huja mwisho wa mwezi, uwe mzima au umeumwa. Malipo huja kazi ikiwapo, na wakati mwingine hayaji hata kazi ikiwa imeshafanywa.

Zamani swali la "mwigizaji hulipwa ngapi" lilikuwa la wapiga soga barazani. Sasa ni la wazazi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na kabla ya kuingia kila mmoja alitakiwa achague mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya huo wa tatu mna somo la maigizo na filamu. Kwa hiyo mtoto ambaye hajaota hata ndevu aweza kurudi nyumbani na kusema, "Mama, mimi nataka kuigiza," na likawa ni jambo la serikali, si mzaha tena. Mpwa wangu wa Likoni ni mmoja wao. Mamake, dada yangu, amenipigia simu mara tatu. Uhalali wa kazi yenyewe ameshamuuliza sheikh wake. Mimi ameniuliza hesabu, kwa kuwa nina stashahada ya uhasibu na, kwa maoni yake, nina wakati mwingi wa bure huku bara.

Huku bara ni Kinoru, mtaa wa mji wa Meru. Wengi wenu mwaujua kwa uwanja wake, ule ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018. Mimi naujua kwa baridi ya Julai na kwa magari ya miraa yanayokimbilia Pwani kwetu. Studio za televisheni kubwa ziko mbali na hapa. Lakini ni hapa nilipoona kwa macho yangu kwamba riziki ya kila siku ya waigizaji wengi wa nchi hii haitoki kwenye televisheni. Yatoka shuleni.

Kila mtahiniwa wa KCSE hufanya karatasi ya fasihi, na miongoni mwa vitabu teule kuna tamthilia. Miaka iliyopita ilikuwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha ikaja Kigogo ya Pauline Kea, na sasa ni Bembea ya Maisha, tena ya Arege. Upande wa Kiingereza kuna The Samaritan ya John Lara. Makundi ya waigizaji huzihifadhi tamthilia hizi mstari kwa mstari, wakapanda matatu, wakazunguka nchi nzima wakiigizia wanafunzi ukumbini au kwenye bwalo la chakula. Meru ina shule nyingi za bweni zilizo karibu karibu, na kwa kundi linalosafiri huo ni utajiri. Ukilala Kinoru usiku mmoja, waweza kufika shule mbili kesho yake bila kuchoma mafuta mengi.

Nilikaa na kundi moja kama hilo jioni moja, vijana tisa, wawili wao wa kutoka Kisauni. Kiongozi wao akanieleza jinsi wanavyogawana. Hapa nitatumia namba za mfano, zilizo karibu na alizonipa, usizichukue kama bei ya kundi lolote. Chukulia shule yenye watazamaji 250, kila mmoja analipa shilingi 150. Hiyo ni 37,500. Kwa mtoto wa chuo aliyezoea kulala na njaa, huo ni utajiri. Sasa anza kutoa. Aliyekwenda kuzungumza na mwalimu wa Kiswahili na kuipata hiyo shule anachukua asilimia kumi, yaani 3,750. Gari na mafuta 10,000. Malazi ya watu tisa kwa 600 kila mmoja ni 5,400. Chakula, 400 kila mmoja, ni 3,600. Spika na mavazi 3,000. Jumla ya gharama ni 25,750, na kinachobaki ni 11,750. Kiongozi huchukua mafungu mawili, wengine fungu moja moja, kwa hiyo mafungu ni kumi. Kila fungu ni shilingi 1,175.

Elfu moja na mia moja na sabini na tano kwa siku nzima ya kazi, pamoja na kulala kitanda kisicho chako na kupiga kelele ili mtoto wa safu ya mwisho asikie.

Ila tazama kinachotokea wakipata shule ya pili siku hiyo hiyo. Gari limeshalipwa, kitanda kimeshalipwa, chakula kimeshalipwa. Katika zile 37,500 za pili anayekata ni mtafuta shule peke yake. Zinabaki 33,750, kila fungu linaongezeka 3,375, na mwigizaji anakwenda kulala na 4,550. Kazi imeongezeka mara mbili, pesa zimeongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana waigizaji hawa hawakuulizi kama onyesho lilipendeza. Wanauliza kama kuna shule ya mchana.

Kisha hesabu siku. Mitihani ni mwisho wa mwaka, likizo ni tatu, na kuna siku za michezo na siku za mvua ambapo barabara hazipitiki. Kundi lililopata siku arobaini za kazi kwa mwaka, nusu yake zenye maonyesho mawili, limempa mwigizaji wake shilingi 114,500. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, utapata kama 9,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba niliyomtumia dada yangu kwanza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeikosea. Nikamrudishia hesabu nzima.

Na hapo nimechukulia kwamba kila shule imelipa. Yako maonyesho ambayo kundi huambiwa subirini karo ziingie, muhula ukaisha, mwalimu akahamishwa, na deni likahama naye. Sisi tumefundishwa tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho halijamkauka. Jasho la hawa vijana hukauka, likatoka jingine, likakauka tena.

Lakini mtoto anayesema anataka kuigiza hafikirii bwalo la shule. Anafikiria televisheni. Na hapo Pwani tuna la kujivunia: tamthilia za Kiswahili zilizoonyeshwa jioni, Maria, Zora, Sultana, zimetoka kwa Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, watu wetu. Yasmin Said aliyeigiza Maria ni mtoto wa Mombasa. Sultana ilileta kamera, na lafudhi yetu, mpaka sebuleni kwa watu wa Meru. Majirani zangu hapa Kinoru wamejifunza kusema "yakhe" kutokana nayo, na hulitumia vibaya, lakini nawasamehe.

Tamthilia ya aina hii, inayoonyeshwa siku nyingi za wiki, ndiyo iliyo karibu zaidi na mshahara. Kwa kuwa kila siku inakula kipindi kizima, kamera hazilali, na mhusika mkuu ana kazi ya uhakika kwa miezi mfululizo. Chini yake kuna wahusika wa kati, wanaoitwa siku wanazohitajika. Chini kabisa kuna wale wa kupita nyuma ya kamera, wateja wa hotelini, waombolezaji, wapiga vigelegele harusini. Hao hulipwa kwa siku, na siku yao huanza alfajiri na kuisha mwelekezi atakapochoka.

Malipo ya televisheni yana njia mbili, na anayeingia lazima azielewe. Kuna kulipwa kwa kipindi na kuna kulipwa kwa siku. Kwa kipindi kunasikika vizuri, lakini uliza kwanza: nikionekana dakika mbili tu, nimehesabiwa kipindi? Na kwa siku uliza kinyume chake, kwani watayarishaji hupiga vipande vya vipindi vitano kwa siku moja ikiwa vyote viko sebule ile ile. Ukilipwa kwa siku, umefanya vipindi vitano kwa bei ya siku moja. Ukilipwa kwa kipindi, siku hiyo hiyo umevuna mara tano. Mtu mmoja, kazi ile ile, nguo zimebadilishwa mara tano, na tofauti yote iko kwenye neno moja la mkataba.

Halafu siku moja tamthilia inaisha. Maria ilianza 2019 na kufikia 2021 ilikuwa imefungwa, Zora ikashika nafasi yake. Watazamaji huhamia kwenye hadithi mpya bila maumivu. Aliyekuwa mhusika hana pa kuhamia mpaka aitwe tena, na mara nyingi haitwi haraka, kwa sababu sura yake imeshazoeleka kwa jina la mhusika wa zamani. Umaarufu unabaki na pato linakatika. Watu wakikuona ndani ya matatu wanacheka na kupiga picha, ati mtu wa TV anapanda matatu. Kwa hiyo wengine hukopa ili wasionekane kwenye matatu.

Mwaka 2021 Joseph Kinuthia, ambaye nchi nzima ilimjua kama Omosh wa Tahidi High, alijitokeza hadharani kuomba msaada. Tamthilia ilikuwa imekwisha, kazi hazikuja, kodi ya nyumba imemlemea. Wakenya walimchangia, mpaka akajengewa nyumba. Wengi walishangaa: vipi mtu tuliyemtazama miaka yote hiyo hana kitu? Lakini hesabu ya hapo juu yajibu. Kutazamwa si kulipwa. Tulimtazama sisi, aliyelipwa na watangazaji wa biashara ni kituo.

Kabla yake alikuwepo Mzee Ojwang, Benson Wanjau, wa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Alituchekesha kwa zaidi ya miaka thelathini kwenye kituo cha taifa. Alipougua macho uzeeni, umma ndio uliopitisha kofia. Alifariki Julai 2015. Na vipindi alivyocheza vingali vinatazamwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na nitakaa hapo kidogo.

Mwashi akijenga nyumba analipwa mara moja, na nyumba hailali ikimzalia mwashi. Mwigizaji ni kama mwashi au ni kama mwenye nyumba? Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake juu ya uigizaji wake, kando na haki za mwandishi na za mwenye filamu. Mwaka 2009 ilianzishwa jumuiya iitwayo PRISK, kwa ajili ya kukusanya mirabaha ya watumbuizaji, waigizaji wakiwemo. Kwa karatasi, basi, mwigizaji ana kipande cha nyumba. Kwa vitendo, kipande hicho mara nyingi amekiuza siku ya kwanza, kwa mstari mmoja wa mkataba unaosema kwamba haki zote, katika vyombo vyote, vilivyopo na vitakavyokuja, duniani kote, ni za mtayarishaji. Sheria inataka uhamishaji wa haki uwe kwa maandishi. Maandishi yapo, ni kwamba hayakusomwa.

Kwa mtu wa Pwani mfano mkubwa wa jambo hili uko Tanga. Amri Athuman, King Majuto, hakuwa mchekeshaji mdogo. Filamu zake ziliuzwa Dar, Unguja, Mombasa na mpaka Muscat, na uso wake uliuza bidhaa kwenye matangazo. Alipougua, 2018, ikadhihirika kwamba pesa alizozipata haziko karibu na pesa alizowaingizia wengine. Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Serikali nzima ikaketi kusoma karatasi ambazo zingesomwa na mtu mmoja mwenye miwani kabla ya kalamu kugusa. Majuto alipelekwa India kutibiwa, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Matangazo ya biashara, kwa hakika, ndiyo yanayolipa vizuri kwa siku kuliko tamthilia. Siku mbili za tangazo zaweza kushinda miezi ya bwalo la shule. Lakini ndipo pia panapoibiwa zaidi, kwa sababu tangazo lina miguu. Marehemu Charles Bukeko, Papa Shirandula, alicheza tangazo la Coca-Cola ambalo lilivuka mipaka na kuonekana nchi nyingi za Afrika. Bei ya tangazo la Kenya na bei ya tangazo la bara zima haziwezi kuwa moja. Vivyo hivyo bei ya miezi sita na ya milele. Kwa hiyo maswali ni matatu: nchi gani, muda gani, na chombo gani, kwa maana tangazo la redio likigeuzwa la simu hiyo ni biashara nyingine. Mkataba usiojibu hayo matatu umeandikwa na mwenye bidhaa kwa faida ya mwenye bidhaa.

Msije mkadhani haya ni ya kwetu tu. Mnamkumbuka Barkhad Abdi, kijana Msomali aliyeigiza nahodha wa maharamia kwenye Captain Phillips? Filamu ile iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, naye akateuliwa kuwania Oscar mwaka 2014. Malipo yake yalitangazwa kuwa dola 65,000, kama shilingi milioni tano na nusu za wakati ule. Si haba. Lakini kati ya kupiga picha na filamu kutoka alikuwa akiuza simu katika duka la kakake Minneapolis, na baada ya makofi yote bado alihitaji kazi. Upande wa pili wako waigizaji sita wa Friends, waliofikia dola milioni moja kila mmoja kwa kipindi kimoja, pamoja na mirabaha kila kipindi kinaporudiwa. Tofauti ya Abdi na hao si kipaji. Hao walijadiliana kwa pamoja, wote sita, hakuna aliyekubali bei ya peke yake.

Hata huko wengi ni maskini. Chama cha waigizaji wa Marekani kiligoma kuanzia tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba 2023, na moja ya mambo yaliyojulikana wakati huo ni kwamba wanachama wengi mno hawafikishi dola 26,470 kwa mwaka, kiasi kilichohitajika ili mtu apate bima ya afya ya chama. Yaani hata Hollywood, umati wa wapita nyuma ya kamera hauna bima.

Bima ya kwetu nayo ina hesabu yake. Mwajiriwa hukatwa SHA kwenye mshahara, asilimia 2.75, bila yeye kunyanyua kidole. Mwigizaji hana mwajiri, kwa hiyo hujisajili mwenyewe, hupimwa uwezo wake, na hulipa mwenyewe. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Na akipata kazi nzuri, kampuni inaweza kukata asilimia tano ya kodi kabla ya kumlipa. Hiyo siyo wizi, ni sheria. Dai cheti chako, maana mwisho wa mwaka KRA watakuhesabia kodi iliyokwisha kulipwa. Wengi hawadai. Na wakala aliyekutafutia kazi naye ana asilimia yake.

Basi wanaodumu wanaishije? Kwa kutotegemea kuigiza peke yake. Jasper Muthomi, MC Jessy, mtoto wa huku Imenti, alijulikana kwa jukwaa la Churchill, lakini jina lake lenyewe lakueleza kazi: kusherehesha. Sherehe moja ya kampuni humlipa msherehesaji kabla hajashuka jukwaani. Kabla ya uchaguzi wa 2022 aliingia na siasa. Wengine hutafsiri na kuingiza sauti katika filamu za kigeni, husoma matangazo redioni, hufundisha maigizo shuleni wakati wa mashindano ya tamasha la drama, huandika miswada. Mmoja wa wale vijana wa Kisauni hushona mavazi ya kundi, na kundi humlipa fungu la pili kwa cherehani yake. Yeye ndiye pekee aliyeniambia hana deni.

Nimemwambia dada yangu amwache binti achague mkondo anaoutaka. Somo la maigizo na filamu si la kuigiza tu. Lina kamera, sauti, uandishi na utayarishaji, na mshika sauti huitwa kazini kwenye kila filamu, awe nani aliye mbele ya kamera. Ila nimeweka sharti kwamba hesabu asiiache, na mkataba wake wa kwanza, hata uwe wa kurasa moja na nusu, uletwe kwangu kwanza.

Lakini lile bwalo la shule, ambalo leo ndilo linalowalisha vijana wengi, lina muda wake. KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Kwenye mtaala mpya Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kuchagua, katika mkondo wa sayansi ya jamii, siyo karatasi ya lazima kwa kila mtahiniwa. Rudia hesabu ile na watazamaji 80 badala ya 250. Mapato ni 12,000. Gari na mafuta peke yake ni 10,000. Nilimwonyesha kiongozi wa kundi karatasi hiyo mezani, akaitazama, akaniuliza kama kuna gari la bei nafuu zaidi hapa Kinoru.